Asilimia Themanini

Aliyetangulia kwenye mashine alikuwa Yaqeen, mtoto wa kike wa miaka saba mwenye pumu, na alizima mishumaa yote minane. Mishumaa yenyewe ilikuwa picha tu kwenye kompyuta. Mtoto akipuliza vizuri katika kibomba cha karatasi, inazimika mmoja baada ya mwingine, naye anasahau kwamba anapimwa. Yaqeen alipewa peremende, mama yake akamshika mkono, wakatoka. Huwaida alibaki kwenye kiti cha plastiki na faili la mumewe mapajani, akiwaza kwamba kama kupima mapafu ndiko huku, basi ameukosa usingizi wa siku tatu bure.

Mumewe, Muhanna, alikuwa chumba cha pili akipimwa urefu na uzito. Walikuwa wametoka Ibra, huku Oman, baada tu ya swala ya alfajiri mpaka zahanati hii ya Nizwa, ambayo kampuni aliyofanyia kazi Muhanna ilikuwa na mkataba nayo. Muhanna alikuwa na miaka arubaini na saba, na kumi na minne kati ya hiyo aliimaliza amesimama kando ya kasara, mtambo wa kuvunja mawe kuwa kokoto, upande wa Mudhaibi. Sasa ngazi sita za nyumbani kwake alizipanda kwa vituo.

Kampuni ilikuwa na kanuni, imebandikwa ukutani ofisini. Mfanyakazi ambaye pumzi yake iko chini ya asilimia themanini ya ile ya mtu mwenye afya, anaondolewa kwenye vumbi, anapewa kazi ya langoni kwa mshahara uleule. Mwenye themanini au zaidi ni mzima, arudi kwenye kasara. Hilo ndilo walilolifuata Nizwa. Dawa hawakuifuata, kwa sababu vumbi la mawe likishakaa kifuani halitolewi, na hayo walikwisha kuambiwa.

Asubuhi hiyo ilikuwa imeanza vibaya. Karani wa mapokezi alikisikia Kiarabu cha Huwaida, ambacho alijifunza ukubwani na mpaka leo hakijamkaa sawa mdomoni, akamuuliza ni mtumishi wa nyumba ya nani. Muhanna alijibu, "Mke wangu," karani akasema, "Ahlan," karibuni, bila kuinua macho. Kwa hiyo binti aliyekuwa akiendesha mashine alipogeuka na kusema, "Shikamoo, khala," kama anayemwamkia mama yake mdogo, Huwaida nusura alie.

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje?"

"Nimekusikia unaongea na ammi, bwana wako, mlangoni. Mimi jina langu Khulood. Sisi watu wa Fanja, lakini bibi yangu kazaliwa Unguja. Kiswahili yangu mbovu, khala, usinicheke."

"Nani akucheke? Sema hivyo hivyo."

Khulood alivuta fomu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi, anavuta sigara au havuti. Huwaida alimjibia mumewe yote, kama wake wanavyowajibia waume zao hospitalini dunia nzima. Alizaliwa Ujiji, Kigoma. Havuti, hajapata kuvuta.

"Na asl yake? Mashine lazima inataka asl." Khulood aligeuza kompyuta ili Huwaida aone mistari minne ya Kiingereza. "Hapa Mzungu, hapa Mwafrika, Mhindi, Mchina. Waarabu hawako."

"Hawamo kabisa?"

"Hawako. Wametengeneza huko kwao. Sisi tunawaingiza kwa Wazungu, basi."

Huwaida alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Alaa. Bwana Muhanna leo kawa Mzungu."

Angeishia hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini ulimi hauna mfupa, na mtu aliyeshinda akitazamwa kwa jicho la pembeni akipata sikio la kumsikiliza hulijaza. Alimwambia Khulood habari za Ujiji. Alimwambia habari za mama mkwe wake, Bi Turkiya, ambaye mamaye mzazi alikuwa Mmanyema, mtwangaji mashuhuri wa sombe, kisamvu cha Kigoma, na jinsi mpaka leo, hapo Ibra, mgeni akiwaletea samaki, migebuka mikavu kutoka Kigoma, nyumba nzima huacha wali ikasonga ugali. Khulood alisikiliza kidevu mkononi.

"Basi niandike Mwafrika?" aliuliza kwa haya. "Daktari anasema tuandike kweli. Lakini wengine wanakasirika, khala. Mmoja alinitupia faili."

"Andika, mwanangu. Hapa tuko wenyewe kwa wenyewe, tumfiche nani?"

Khulood akabonyeza.

Muhanna aliingia, akakalishwa, akabanwa pua kwa kibanio cha plastiki. Aliambiwa avute pumzi mpaka mwisho, kisha apulize kwa nguvu zote na asiache. Kupuliza huko ni kwa kelele. Anayepima humhimiza anayepimwa. Basi binti wa miaka ishirini na mbili alimsimamia mtu mzima, akampigia kelele, "Puliza, puliza, bado, bado, usiache, endelea," naye uso unamwiva na mishipa ya shingo imesimama. Alikohoa, ikahesabiwa haikufaa. Alirudia, akakohoa tena. Mara ya saba ndipo zilipopatikana tatu za kukubalika.

Ile picha ya watoto ilikuwa haijafungwa. Muhanna alipoinua macho aliona mishumaa mitatu imezimika na mitano inawaka. Khulood aliifunga haraka.

"Samahani, ammi. Hii ya watoto."

"Si kitu," alisema Muhanna, akajifuta mate kidevuni kwa ncha ya masari, kilemba chake.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, na hayakuja kwa Muhanna. Yalikwenda ofisini, kwa Majid, karani wa wafanyakazi, ambaye alitoka nayo nje wakati wa mapumziko na kuyasoma mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai.

"Themanini kamili," alisema Majid. "Mabruk, ya Muhanna. Wewe ni farasi. Jumamosi kwenye kasara."

Wenzake wawili walicheka, si kwa ubaya. Muhanna naye alicheka kidogo, kwa sababu mtu akiambiwa mzima hadharani hana la kufanya ila kucheka, na kicheko kikamletea kikohozi.

Nyumbani aliitoa karatasi, akampa binti yake Hala, aliyekuwa kidato cha mwisho na ndiye msomaji wa Kiingereza wa nyumba ile. Hala aliisoma kuanzia juu: jina, umri, urefu. Kisha akasita.

"Baba, hapa wameandika wewe Mwafrika."

"Wapi?"

"Hapa. Asl. Mwafrika."

Muhanna aliichukua karatasi, akaitazama mahali alipoonyeshwa kidole ingawa hakuweza kupasoma. Alikuwa ameungoja uraia wa Oman kwa miaka kumi na mmoja, huku akiitwa kila jina ila lake. Aliikunja karatasi mara nne.

"Kaniangalia uso," alisema. "Yule binti. Hakuuliza kitu. Kaniangalia uso tu akaandika."

Huwaida alikuwa akichagua mchele. Aliendelea kuuchagua, mchele ambao ulikuwa safi tangu zamani. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Aliona aibu, na aliogopa, na alijiambia atasema baada ya chakula. Baada ya chakula hakusema.

Bi Turkiya, kwenye godoro lake karibu na dirisha, aliuliza, "Kwani wameandika uongo?"

Muhanna akaitia karatasi mfukoni.

Walirudi Nizwa mwezi uliofuata. Safari hii walimwona daktari mwenyewe, Thabit, Msudani mrefu, mpole, aliyechoka, mweusi kuliko wote mle chumbani. Khulood alisimama karibu na mlango. Kabla hajaulizwa alisema, "Kosa langu, ammi. Mimi niliandika," na hakumtazama Huwaida. Huwaida alitazama sakafu. Kwa mara ya pili alikuwa amepewa nafasi ya kusema, na kwa mara ya pili aliiacha ipite, na safari hii mtoto wa watu ndiye aliyembebea mzigo.

"Pumzi uliyotoa ni lita mbili na nukta tisini na tano," daktari alimwambia Muhanna. "Hiyo ni yako, haibadiliki. Kinachobadilika ni yule unayelinganishwa naye. Mashine inasema Mzungu wa umri wako na urefu wako angetoa lita nne na nukta ishirini. Ukiiambia ni Mwafrika, inapunguza. Inasema tatu na nukta sabini zinamtosha."

"Kwa nini zimtoshe?"

"Waliotengeneza walipima watu wao, wakapiga hesabu. Walimpima nani, na alikuwa anafanya kazi gani, sijui."

Muhanna alifikiri. "Kwa hiyo nikiwa Mwarabu ni mgonjwa. Nikiwa Mwafrika ni mzima."

"Kwenye karatasi, ndiyo. Mstari wa kwanza una asilimia sabini. Wa pili, themanini."

"Na kifua?"

"Kifua ni kilekile."

Muhanna aliomba abadilishiwe. Daktari alisema angembadilishia saa ile ile kwa kidole kimoja, lakini karatasi ilikwisha kutiwa sahihi na nakala iko kwa kampuni. Kampuni ina lajna yake, kamati ya watu watatu inayokaa kila baada ya miezi mitatu, na alishawapigia simu. Walimjibu kwamba hawataki mtu abadilishe asili yake kwa ajili ya kazi ya langoni. Walete ithibati.

"Nina pasipoti ya Oman."

"Niliwaambia. Wanasema pasipoti inaonyesha uraia, haionyeshi asili. Wanataka barua ya sheikh wa kabila lako, na upimwe upya." Daktari alikuna paji la uso. "Mimi nilipokuwa nasoma Ulaya walinipima kwa mashine kama hii. Waliandika Mwafrika. Nyumbani kwetu, ukimwita baba yangu hivyo hakupi chai."

Barua ya sheikh mtu angedhani ni kazi ya siku moja. Sheikh alikuwa amesafiri kwa matibabu. Wakili wake, aliyekuwa akipokea watu baada ya alasiri kwenye majlisi ya zulia jekundu, aliwamiminia kahawa, akawapa tende, akataka mashahidi wawili wanaojua babu yake Muhanna aliondoka kijiji gani kwenda Afrika. Shahidi mmoja alipatikana Sur. Wa pili alikuwa mzee wa Wadi Bani Khalid, ambaye siku ya kwanza alikumbuka kila kitu na siku ya pili, mbele ya wakili, alikumbuka babu wa mtu mwingine. Ikaingia Ramadhani. Ikaingia Idi. Lajna ikakaa, ikaondoka. Wakili alikuwa mtu wa adabu na hakuwahi kuwafukuza. Kila mara aliwaambia inshallah, wiki ijayo.

Na Muhanna akaenda kasarani kila Jumamosi mpaka Jumatano. Huwaida alifua nguo zake, maji ya kwanza yakatoka meupe, mazito, ya pili nayo meupe. Alimchemshia tangawizi na asali. Jumatano moja moja alikwenda soko la wanawake kuuza kofia alizoshona, na wenzake walipomuuliza hali ya bwana aliwajibu hajambo, kwa kuwa hakujua jibu jingine lenye neno moja. Ilipofika baridi, Muhanna alianza kulala ameegemea ukuta. Kisha akaacha kuwaswalisha. Miaka yote alisimama mbele, mkewe, mama yake na binti yake nyuma; sasa alikuwa hamalizi aya bila kukatwa na pumzi katikati, akaona haya mbele ya watu wake mwenyewe. Aliswali chumbani peke yake, mlango umerudishwa.

Mwezi wa Februari wakili aliwapa rasimu ya barua waende nayo nyumbani wakaisome. Hala aliisoma kwa sauti. Ilisema Muhanna bin Salim ni Mwarabu halisi wa kabila lao, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama, na kwamba hakuna damu nyingine.

"Kwa mama si kweli," alisema Muhanna.

"Wakili anasema iwe hivyo hivyo," Huwaida alimwambia. "Anasema tukiacha upenyo lajna watapitia hapo hapo."

Muhanna alimtazama mama yake. Bi Turkiya alikuwa na umri wa miaka sabini na ushei na masikio yake yalisikia kila alilotaka kusikia.

"Mfute," alisema Bi Turkiya.

"Nimfute nani?"

"Bibi yako. Mama yangu. Mfute. Yeye keshakufa, hana haja ya karatasi. Mwenye haja ni wewe."

"Mama, siwezi kutia sahihi kwamba—"

"Utaweza. Mimi nimekuzaa, na nasikia unavyopumua. Usiku kucha nahesabu." Alijifunika mtandio usoni. "Tia sahihi, mwanangu, tumechoka sote."

Hapo ndipo Huwaida aliposema. Hakuchagua maneno. Alisema kwamba Khulood hakumtazama mtu uso; kwamba aliulizwa yeye, akajibu yeye, na alipoambiwa niandike, alisema andika. Alisema alikuwa na furaha siku ile kwa kuamkiwa na mtu, ni hilo tu, hana sababu nyingine ya kujitetea.

Muhanna hakupaza sauti. Hata angetaka, ya kupaza hakuwa nayo. 

"Miezi saba," alisema. "Miezi saba kila nikinawa, nautazama uso wangu kwenye kioo."

Huwaida alilia, Hala akatoka nje. Muhanna alimwomba kalamu Bi Turkiya, kwa kuwa ilikuwa karibu naye, akatia sahihi chini ya rasimu. Usiku ule Huwaida alimwekea mito mitatu mgongoni kama kawaida, naye akainama mbele kumpa nafasi aipange.

Barua yenyewe, yenye muhuri wa sheikh, ilitoka mwezi wa Machi. Walikwenda nayo Nizwa. Kutoka kwenye gari mpaka mlangoni mwa zahanati ilikuwa hatua arubaini, na Muhanna aliegemea magari ya watu mara mbili. Karani wa mapokezi alikuwa yule yule. Safari hii alimletea Muhanna kiti bila kuombwa, na Huwaida alitamani angemuuliza tena ni mtumishi wa nani.

Khulood aliwaamkia, akaipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma. Alipofika kwenye mstari wa mama alimtupia jicho Huwaida, Huwaida akatikisa kichwa kidogo, asiseme kitu. Barua ikaingia kwenye faili. Daktari Thabit alikuja kusimamia mwenyewe, ili lajna wasiwe na la kusema. Kwenye mashine Khulood alichagua mstari wa kwanza.

Muhanna alibanwa pua. Alipuliza. Safari hii Khulood hakupiga kelele. Alimhimiza polepole, "Bado kidogo, ammi, bado kidogo," lakini hakukuwa na kidogo kilichobaki. Walimpumzisha, wakarudia. Walimpumzisha tena. Ilichukua karibu saa nzima kupata tatu.

Khulood alitazama kompyuta, akamtazama daktari.

"Ngapi?" aliuliza Huwaida.

"Lita mbili na nukta hamsini na mbili," alisema daktari. "Asilimia sitini. Lajna hawawezi kukataa. Nitawaandikia leo hii, Jumamosi awe langoni."

"Alhamdulillahi," alisema Huwaida. Neno lilimtoka lenyewe, kisha akasikia alichokishukuria, akaziba mdomo kwa kitambaa.

Muhanna alikuwa bado anatafuta pumzi. Aliinua kidole, wamngojee.

"Weka ule mstari mwingine," alisema. "Wa siku ile. Wa Mwafrika. Nione."

Khulood alimtazama daktari. Daktari alisita, kisha akaitikia. Khulood akabonyeza mstari wa pili, mashine ikafikiri kidogo.

"Sitini na nane," alisema Khulood kwa sauti ndogo.

"Chini ya themanini."

"Chini, ammi."

"Kwa hiyo hata kwa huo."

"Hata kwa huo."

Daktari alirudisha mstari wa kwanza, akachapisha karatasi, akaanza kuandika barua yake kwa lajna. Muhanna alinyoosha mkono, akatoa barua ya sheikh kwenye faili, akautazama ule mstari uliomfuta bibi yake, ambao, kwa kuwa ni wa Kiarabu, aliweza kuusoma.

"Kumbe bibi," alisema, akavuta pumzi, "tungemwacha humu."

Alijaribu kusimama, akakaa tena, na Huwaida akakaa kando yake wangoje mpaka apate pumzi ya kufikia kwenye gari.